Mfuko Uliotazama Chini

Jumatatu, 4 Machi

Mama ametoa hukumu. Nimeisikia kwa masikio yangu mwenyewe, saa nne asubuhi, sebuleni kwake, kikombe mkononi. Mwisho wa mwezi anahamia kwa mdogo wangu. Nyumba itafungwa. Vitu vyote vimeshapata mwenyewe isipokuwa kimoja: cherehani ya Baba. Nilipoigusia kwa mara ya saba (kwa adabu), Mama aliweka kijiko chini, akasema cherehani ni ya yule aliyeshona mfuko. Jumapili baada ya chakula cha mchana, wote tukiwapo, mwenyewe atajulikana, na yeye asiulizwe tena.

Nilikaribia kurusha kikombe kwa furaha. Aliyeshona mfuko ni mimi!

Niandike hapa kwa faida ya vizazi. Baba alikuwa fundi cherehani. Alifanyia kazi chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa. Siku moja ya mvua, mimi nina miaka sita, wateja hakuna, alinipakata mbele ya cherehani. Miguu yake kwenye kanyagio, mikono yangu kwenye kitambaa. Nikamshonea mfuko wa shati lake mwenyewe. Nikaushona juu chini! Mdomo wa mfuko ukatazama sakafu. Baba alicheka mpaka akavua miwani, akanigonga kichwani kidogo kwa tepu ya kupimia, na shati lile akalivaa vilevile miaka yote. Kila alichotia mfukoni kilianguka. Harufu ya mafuta ya mashine, mvuke wa pasi ya makaa, vumbi la chaki. Nikifumba macho niko palepale. Hakuna jambo ninalolikumbuka vizuri zaidi ya hilo.

Jioni nikampigia simu mdogo wangu. Ni mwalimu mkuu, na hupokea simu kama anayefungua kikao. Nikampa pole mapema. Akauliza pole ya nini. Nikamweleza. Akasema, kwa sauti ya kumsomea mzazi ripoti, kwamba mfuko ule aliushona yeye. Yeye! Mvua, kupakatwa, kicheko, tepu. Kila kitu changu kimo, kabadilisha mtoto tu.

Mama Watoto anasema huenda tulishona wote wawili. Nimeishi na mke huyu miaka mingi na bado haelewi mambo madogo. Mfuko ni mmoja.

Jumanne, 5 Machi

Zahanati, kupima presha. Kwenye benchi nikaokota gazeti lisilo na jalada, lenye makala ya daktari mmoja kuhusu kusahau. Anasema kumbukumbu si faili lililolala kabatini. Kila unapoikumbuka unaiandika upya, na unaweza kupachika ndani yake kitu ulichosimuliwa tu, kisha ukaapa ulikiona. Anasema pia kwamba mtu anaweza kuwa na uhakika kupindukia palepale anapokosea. Mambo mazito! Nilipiga mstari kila palipomhusu mdogo wangu. Kisha nikachana ukurasa. Muuguzi aliniona, nikamwambia daktari huyo tunafahamiana.

Mimi makala hayanihusu. Nilikuwa karani wa masjala miaka thelathini na moja na sikupoteza faili hata moja. Mama Watoto akauliza, na lile la ramani ya mto? Lile halikupotea. Lilikuwa mahali ambapo hapajulikani.

Hata hivyo makala yamenipa mpango. Kama kumbukumbu ya Mama inaandikwa upya kila siku, basi bora kalamu niishike mimi. Mama mambo ya zamani anayo, ya leo ndiyo yanayomponyoka. Anauliza kama amekunywa chai na kikombe bado kina joto mkononi mwake. Wiki iliyopita aliniita kwa jina la Baba. Sikumsahihisha. Nilikaa kitako nikawa Baba kwa robo saa, tukaongea habari za vitambaa, nani amelipenda lipi, kola gani imekaa vibaya. Nilirudi nyumbani nimenyamaza, nikamwambia Mama Watoto ni jua.

Mpango ni huu. Kila asubuhi mpaka Jumapili nitakwenda kumsimulia Mama habari ya mfuko, nikilitaja jina langu si chini ya mara tano.

Alhamisi, 7 Machi

Mpango umeharibika. Jana asubuhi ulikwenda vizuri, Mama alisikiliza akiitikia kwa kichwa. Leo nikakuta msoma mita wa umeme yumo ndani, amekaribishwa chai. Sikukata tamaa. Nikasimulia vilevile, nikitia chumvi kidogo tu upande wa radi. Msoma mita akavutiwa, hata akauliza kitambaa kilikuwa cha rangi gani. Nilipomaliza nikamwomba Mama naye asimulie.

Alisimulia vizuri mno. Mvua ilikuwepo. Radi ilikuwepo, na ilikuwa yangu. Kanyagio, kicheko, tepu. Ila aliyepakatwa ni msoma mita! Mama akamshika mkono, akamshukuru kwa kumshonea mume wake mfuko. Bwana yule ana mabega ya kubebea magunia. Akasema hakuna shida, mama, karibu tena. Macho ya Mama yaling'aa kama yanacheka, nikadhani ni mwanga wa dirishani.

Sasa tuko watatu. Nahitaji shahidi.

Mchana nikaenda kwa Pasi. Huyu alikuja kwa Baba akiwa na miaka kumi na saba, kazi yake kunyoosha nguo, jina likamganda. Leo ni fundi mwenye mvi na duka lenye feni mbili. Kama kuna mtu aliyeniona nikishona mfuko, ni yeye. Nilimpelekea pakiti ya majani ya chai. Nilimsifia feni. Kisha, kwa kuzunguka sana, nikamwuliza kama anakumbuka nani alishona mfuko ule.

Pasi aliweka mkasi chini. Macho yakamlegea. Akasema ah, mfuko ule! Mvua ilikuwa inanyesha. Wateja hakuna. Bosi akamwita, akamkalisha kwenye cherehani yake mwenyewe kwa mara ya kwanza, na yeye Pasi, kwa woga, akaushona juu chini. Bosi akacheka mpaka akavua miwani.

Nikamwuliza, kwa ukali kidogo, kama alipakatwa na miaka yake kumi na saba. Akasema hakupakatwa na mtu. Lakini tepu ilimgonga hapa, na akanionyesha mahali. Akaongeza kwamba Jumanne Mama alimwita kuitia cherehani mafuta, na alipoishika tu siku ile ikamrudia yote.

Watu wanaiba kuku, wanaiba baiskeli. Sikujua kuna wanaoiba utoto wa mtu. Nimeondoka na majani yangu ya chai.

Ijumaa, 8 Machi

Usingizi wa mchana umenipa jibu. Uzi!

Baba alikuwa na sheria: kila mkono na uzi wake. Aliyeshona kitu chochote chumbani mule alitia alama kwa ndani, mahali pasipoonekana, mishono mitatu ya rangi yake, ili kikija kufumuka ijulikane nani aitwe. Baba buluu. Pasi nyekundu. Mdogo wangu manjano. Mimi kijani, ingawa nilichowahi kukabidhiwa ni vifungo. Kwa hiyo ukweli wote umo ndani ya mfuko wenyewe, shati limo ndani ya sanduku la bati, na sanduku liko chumba cha nyuma kwa Mama.

Tatizo moja. Je, mtoto wa miaka sita, siku ya kwanza, katika msisimko ule, alikumbuka kutia alama? Huenda hakukumbuka. Basi nikaona nimtilie. Huku siyo kughushi. Masjala tulikuwa tukikuta barua haina muhuri, tunaigonga muhuri, na hakuna aliyeitwa mhalifu. Ni kukamilisha tu.

Nilimwambia Mama nakuja kuangalia kama paa la chumba cha nyuma linavuja. Nikafungua sanduku. Shati likatokea juu kabisa, halikunisumbua hata kulitafuta. Mistari myembamba, kola imelika. Nililiweka usoni. Naftalini, mafuta ya mashine, na kwa mbali sana, yeye mwenyewe. Nilikaa sakafuni nikasahau kabisa kilichonipeleka. Kama dakika kumi hivi. Nilikuwa na miaka sita.

Mama akaita, akauliza nani yuko huko. Nikakurupuka! Miwani nimeiacha sebuleni, dirisha limezibwa na maboksi. Nikaingiza vidole mfukoni kwa kupapasa. Na hapo, Mungu wangu, nikavigusa vifundo. Vidogo, vigumu, vimesongamana. Vifundo vya mkono usiojua kitu, mishono yangu ya utotoni, imenisubiri miaka yote hiyo gizani! Machozi yalinitoka, wala sioni haya kuyaandika. Lakini rangi huenda imepauka, nikaongeza mitatu mipya ya kijani ili wazee wasipate taabu kuona. Nilijichoma mara mbili.

Nilipotoka Mama aliuliza paa likoje. Nikasema zima kabisa. Akasema ndivyo hata mdogo wangu alivyomwambia Jumatano alipokuja kuliangalia. Mwalimu mkuu na mapaa, wapi na wapi? Watu wengine hawana kazi za kufanya.

Jumamosi, 9 Machi

Maandalizi. Nimehamisha meza ya kioo ya Mama Watoto na kuiweka koridoni ili cherehani ikae karibu na dirisha. Nimeandika hotuba fupi ya shukrani, kurasa nne. Ukurasa wa tatu unamfariji mdogo wangu.

Mama Watoto alisimama koridoni akijitazama kwenye kioo, bega moja ukutani. Akauliza nitashona nini.

Hata kifungo cha suruali hunishonea yeye. Nikatoka nje kidogo, nikarudi, nikamwambia kweli. Siitaki ya kushonea. Nataka kuisikia. Nilipokuwa mdogo nilikuwa mtoto wa homa, na kitanda changu kilikuwa upande wa pili wa ukuta wa chumba cha Baba cha kazi. Kanyagio likienda nilijua nyumba iko salama, nikalala. Na jambo jingine sijawahi kumwambia mtu. Sauti ya Baba imenipotea. Maneno yake ninayo, naweza kuyataja hata sasa, lakini nikiyataja nasikia sauti yangu. Kilichobaki cha kwake ni kicheko cha siku ile ya mfuko. Hicho nakisikia. Mdogo wangu akichukua mfuko, kicheko kitakwenda naye, na mimi nitabaki na nini?

Mama Watoto alisogeza meza ya kioo kidogo ili njia ipitike.

Jumapili, 10 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianzie baada ya sahani.

Tulikuwa watano: Mama kitini, mdogo wangu na faili lake mapajani (faili! Jumapili!), Pasi aliyealikwa na Mama mwenyewe, Mama Watoto, na mimi na hotuba. Msoma mita hakuja, namshukuru. Mama aliagiza shati liletwe. Akasogea dirishani, akaugeuza mfuko ndani nje.

Kijani changu kilikuwepo, kinang'aa. Pembeni yake manjano, mishono mitatu iliyonyooka kama imepigwa rula. Pembeni ya manjano, nyekundu. Zote mpya. Uzi wa manjano ulikuwa bado na mkia usiokatwa vizuri.

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa anaangalia paa. Pasi alikohoa, akatoa leso, akaendelea kukohoa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kwa hiyo vifundo nilivyovililia juzi vilikuwa vya watu hawa wawili! Mama alisema tu kwamba shati la mume wake limechanua maua.

Akaomba mkasi mdogo. Akafumua kijani, akafumua manjano, akafumua nyekundu. Chini yake, kwenye pindo, kulikuwa na mishono mitatu midogo iliyopauka mpaka karibu na weupe. Mdogo wangu aliipeleka kwenye mwanga. Ilikuwa buluu.

Mama akatueleza. Mfuko aliushona Baba mwenyewe. Nilikuwa na miaka sita, homa siku ya tatu, sifumbui macho, na yeye alikuwa na nguo za watu za kumaliza. Mguu ulikuwa kwenye kanyagio na macho, kupitia mlangoni, kitandani kwangu. Katikati ya kazi akajishonea shati lake ili tu mikono isikae bure. Nilipopata nafuu alilivaa, akatoka nalo barabarani kwa furaha bila kujitazama. Fundi mwenye kibao mlangoni, mfuko juu chini! Wateja wakavunjika mbavu. Baba akaona haya, akasema ni kazi ya Pasi. Pasi akalia. Ili kumbembeleza, Baba akamsifu, akasema mfuko mzuri, hataufumua kamwe. Pasi akaacha kulia akaanza kuvimba kichwa. Alipoondoka kufungua duka lake, lawama ikahamia kwangu. Mimi nikaipenda. Nilipokuwa mrefu mno kupakatwa hata kwenye hadithi, ikashuka kwa mdogo wangu. Miaka ya mwisho, Mama anasema, Baba mwenyewe alikuwa anaapa ni kazi ya mtoto, ila hakumbuki yupi.

Nikauliza, na mvua je? Mama akasema mwezi ule halikudondoka hata tone. Baba alitia mvua kwa sababu fundi mzuri hakosi wateja siku ya jua.

Nikauliza kuhusu kicheko. Mama alinitazama, na safari hii aliniita kwa jina langu. Akasema kicheko kilikuwepo. Kila alipomsimulia mmoja wetu alicheka vilevile, akavua miwani, akatafuta tepu. Hicho hakukitunga.

Kisha akakunja shati. Akasema alisema cherehani ni ya aliyeshona mfuko, na hajabadilisha neno. Ni ya mume wake. Yeye anamtunzia. Itakwenda anakokwenda yeye na itakaa dirishani, na anayetaka kuiomba amwombe mwenyewe. Sisi hatukumpa hata nafasi ya kumeza mate, kila akiamka cherehani, cherehani. Akaongeza kwamba msoma mita ndiye pekee aliyemsikiliza bila kutaka kitu.

Shati akanipa mimi, kwa sababu homa ilikuwa yangu. Halafu akauliza kama tumeshakula. Sahani zilikuwa bado mezani. Mdogo wangu akainuka akamwambia bado, Mama, tunakula sasa hivi, tukala tena kidogo wote watano.

Hotuba sikuisoma.

Jumatano, 13 Machi

Tumeihamisha cherehani. Mimi upande mmoja, mdogo wangu upande wa pili, Pasi akituelekeza kama askari wa barabarani. Dirisha la kwa mdogo wangu ni dogo, lakini mwanga upo. Mama aliketi, akaweka miguu kwenye kanyagio. Hakukuwa na uzi wala kitambaa. Akakanyaga. Sauti ni ileile! Tulisimama ukutani sote watatu, watu wazima, Pasi na mvi zake, na hakuna aliyepumua kwa nguvu mpaka Mama alipochoka.

Tukiwa tunatoka, mdogo wangu aliniuliza kwa sauti ndogo kama bado nauona mkono wangu kwenye kitambaa. Nikamwambia nauona. Akasema na yeye anauona wake, mpaka kucha. Tukacheka, na kicheko chetu kilikuwa na kitu cha Baba, cha kwake zaidi kuliko changu, nimekubali.

Tumekubaliana kwamba kuanzia leo tutasimulia jambo lile kama lilivyokuwa, bila kuongeza wala kupunguza. Nimeapa. Nimelipigia neno lile mstari chini: kama lilivyokuwa.

Jumamosi, 23 Machi

Siku njema sana. Wastaafu wa masjala tulikutana, nikavaa shati la Baba. Wote waliuliza kuhusu mfuko. Nikawasimulia kama ilivyokuwa.

Nikawaambia Mama alinisihi sana nichukue cherehani, na mimi nikakataa katakata, nikasema mpeni mdogo wangu, mimi nataka shati tu. Mzee mmoja wa idara ya ramani alifuta macho. Kisha nikawaeleza kuhusu homa. Nakumbuka vizuri. Nilikuwa nimelala, nikafumbua macho, nikamwona Baba kupitia mlangoni anaushona mfuko juu chini. Nikamwambia, Baba, umegeuza. Akacheka mpaka akavua miwani, akaja kitandani akanigonga kidogo kwa tepu. Nje mvua kubwa. Naiona kama leo, na radi.

Niliporudi nikafungua shajara hii ili nijisomee. Nimeshtuka. Ukurasa wa tarehe kumi umejaa makosa! Unasema Baba alisingizia watu. Unasema mimi sikufumbua macho siku tatu. Unadai nilitia uzi kwenye shati, jambo ambalo mtu wa masjala hawezi kulifanya. Mwandiko ni wangu, hilo sikatai, lakini mambo siyo. Ni wazi niliandika kwa haraka nikiwa nimeshiba.

Nitaurekebisha. Siyo kughushi, ni kukamilisha. Nimetoka dukani sasa hivi na kalamu ya wino uleule, buluu, ili isionekane pameguswa. Nimeitia mfukoni nisije nikaisahau.

Jumapili, 24 Machi

Naandika kwa penseli. Kalamu haionekani. Nimepekua meza, korido, hata mkoba wa Mama Watoto, na sasa hasemi nami. Lazima kuna mtu ameichukua. Niliitia mfukoni kwa mkono wangu mwenyewe, nalikumbuka hilo vizuri kabisa.